Damu ya Mara ya Pili

Kwa miaka kumi na moja mama mkwe wangu aliniita "mwalimu". Haikuwa dharau, wala haikuwa heshima hasa. Aliniita hivyo kama mtu anavyomwita karani wa ofisi ambayo hana budi kupitia. Wake wa wanawe wengine aliwaita kwa majina ya watoto wao, mama fulani na mama fulani. Mimi pia nilikuwa na watoto wawili, wajukuu zake, aliowabeba mgongoni na kuwaimbia. Lakini mama yao alibaki mwalimu.

Mimi ni Mtaita. Nilizaliwa milimani kwetu, nikaajiriwa kufundisha shule ya msingi mjini Machakos, nikakutana na kijana wa Kikamba aliyekuwa akifanya kazi kiwandani Athi River, tukaoana. Yeye alikulia Ekalakala, upande wa Masinga, ambako mama yake bado analima ndengu na mahindi na kufuga mbuzi wachache. Lugha ya nyumbani kwetu ni Kiswahili. Kikamba nakielewa cha sokoni na cha kanisani, lakini watu wakianza kukikimbiza, naachwa nyuma. Kwa hiyo mimi na mama mkwe tuliongea Kiswahili, yeye chake na mimi changu, na tuliongea kidogo. Nilimwita Mwaitu, kama Wakamba wanavyomwita mama. Mume wangu ndiye aliyenifundisha neno hilo wiki ya harusi.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa pili, baada ya ndengu za mvua za vuli kuvunwa. Mwaitu alikuwa ametuletea nusu gunia siku ya Jumamosi, akakaa Jumapili aende kanisani na wajukuu, na Jumatatu arudi kwake. Mume wangu alikuwa ameondoka mapema kwenda zamu ya asubuhi. Watoto walikuwa wameshaenda shule. Mimi nilikuwa napiga pasi blauzi huku nasikiliza redio, na taarifa ya habari ya saa moja ilikuwa imekwisha kitambo kidogo, nilipomsikia jikoni akivuta pumzi kama mtu aliyebeba ndoo ya maji akapanda mlima.

Nilimkuta amesimama, mkono mmoja kwenye meza, mwingine kwenye chembe cha moyo.

"Mwaitu, kuna nini?"

"Ni asidi tu. Jana nilikula maharagwe jioni."

Mbele yake kulikuwa na kikombe cha maziwa baridi, nusu ameshakinywa. Asubuhi za Machakos zina baridi, hasa upande wetu ulio karibu na vilima, na mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa sweta. Lakini yeye paji la uso lilikuwa linang'aa kwa jasho. Akasugua taya la kushoto.

"Na hapo?"

"Jino."

Upande ule hakuwa na jino hata moja la nyuma. Aling'olewa yote miaka miwili kabla, na ni mimi niliyempeleka.

Sikuwa na elimu yoyote ya udaktari. Nilikuwa tu na mashaka ya mtu anayefundisha watoto wadogo, ambaye kila siku anaambiwa "tumbo linauma" na kujifunza kutazama uso badala ya kusikiliza maneno. Nikampigia mwalimu mkuu nikamwambia nitachelewa. Mwaitu alikataa, akasema anataka kuwahi gari la Ekalakala. Nikamwambia tutapitia hospitali kwanza, ni njia ile ile. Haikuwa njia ile ile, na alijua, lakini alikuwa amechoka kubishana. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Mama mkwe wangu hachoki kubishana.

Hospitalini tulipokelewa na daktari kijana, mpole, mwenye macho ya mtu aliyekesha. Mwaitu alimwambia ana asidi. Daktari akamuuliza kuhusu presha, akasema ndiyo, ana vidonge.

"Unavimeza kila siku?"

"Navimeza."

"Kila siku, mama?"

"Siku naumwa kichwa."

Wakamlaza kitandani, wakamvua viatu, wakambandika nyaya kifuani, mikononi na miguuni ili mashine ichore mapigo ya moyo. Daktari akaitazama karatasi ile kwa muda mrefu, akasema haoni kitu cha kumtisha, lakini tupime damu pia. Akanipa fomu nisaidie kujaza. Palikuwa na mstari unaouliza maumivu yalianza lini. Nikamuuliza Mwaitu.

"Andika jana," akasema. "Andika jana jioni, na maharagwe."

Nikaandika: leo, saa moja na nusu asubuhi. Sikuandika hivyo kwa ujanja wowote. Jana jioni nilikuwa nimekaa naye mezani, alikula vizuri, akaongoza sala, akalala. Mwalimu akiona jibu lisilo sahihi hawezi kuliandika, hata kama aliyelitoa ni mama mkwe.

Damu ilichukuliwa saa tatu na robo. Majibu yalikuja upesi kuliko nilivyotarajia. Daktari alitabasamu. Akatueleza kwamba moyo ukiumia, kuna kitu kinachoitwa troponini ambacho huonekana kwenye damu. Kwa Mwaitu kilikuwa kidogo sana, chini kabisa ya mstari wa hatari.

"Habari njema," akasema. "Inaelekea ni asidi kweli. Nitawaandikia dawa, na mama aanze kumeza vidonge vya presha kila siku."

Sitasahau jinsi nilivyofurahi, na sitaficha kwamba furaha yangu nyingine ilikuwa ya saa. Nilipiga hesabu nikaona nitafika shuleni kabla ya kipindi cha mwisho cha asubuhi. Mwaitu alinitazama kwa jicho la "nilikwambia". Daktari alikuwa ameshaandika karatasi ya kuturuhusu.

Ndipo mlango wa maabara ukafunguliwa, akatoka mwanamke wa rika langu, koti jeupe lenye doa la wino mfukoni, fomu yetu mkononi.

"Hii saa nani ameandika?"

"Ni mimi," nikasema.

"Una uhakika? Saa moja na nusu ya leo? Si jana?"

"Nina uhakika."

"Jana pia kulikuwa," Mwaitu akadakia.

Yule mwanamke akamgeukia, akamwambia jambo kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, kwa adabu ya mtu anayezungumza na mama yake. Mwaitu akatazama pembeni, akajibu neno moja. Baadaye Mwaitu aliniambia swali lilikuwa: mama, kama jana ulikuwa unaumwa hivi, ungeweza kuimba kanisani? Na jibu lake lilikuwa: hapana.

Mwanamke wa maabara akamwendea daktari, wakasimama mlangoni. Niliyasikia yote. Alisema troponini hukaa ndani ya msuli wa moyo. Moyo ukianza kuumia, haivuji papo hapo ikajaa kwenye damu, huchukua muda. Mtu akipimwa mapema, damu inaweza kuonekana safi wakati moyo tayari umeumia. Kwa mgonjwa aliyeanza kuumwa chini ya masaa mawili kabla ya sindano, alisema, kipimo kimoja hakitoshi. Turudie baada ya masaa matatu, kisha tulinganishe.

Ningeweza kumwelewa daktari kama angechukia. Alikuwa mkubwa wake kwa cheo, na mimi na Mwaitu tulikuwa tunasikiliza. Lakini alichukua fomu, akaisoma tena, akajipiga kidogo kwenye paji la uso.

"Kweli kabisa. Nimetazama namba, sikutazama saa." Akatugeukia, akachukua tena ile karatasi ya ruhusa kutoka mkononi mwangu. "Mama, nisamehe. Tutakaa hapa mpaka saa sita na robo."

Hapo Mwaitu akainuka kitandani.

"Damu yangu mumetoa. Mumeona iko sawa. Sasa munataka ingine ya nini? Mimi si ng'ombe ya Wamaasai."

"Mwaitu, ni masaa matatu tu."

"Mwalimu, wewe nenda shule. Mimi naenda stendi."

Nilijaribu kumpigia mume wangu. Simu iliita bila kupokelewa, kwa sababu kazini kwao simu huachwa kwenye makabati. Mashemeji zangu walikuwa mbali, na kila mmoja angetaka kuelezwa tangu mwanzo. Nilibaki mimi peke yangu. Sikuwa binti yake, na kwa miaka kumi na moja sikuwahi kumkatalia jambo. Mwaitu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu inatafuta viatu chini.

Viatu vyake vilikuwa viatu vyeusi vya kanisani, vya kisigino kifupi. Nikainama kama mtu anayetaka kumsaidia kuvivaa, nikaviokota, nikavitia ndani ya mkoba wangu wa vitabu, nikafunga zipu.

Mpaka leo sijui nilipata wapi ujasiri ule.

"Mwalimu. Viatu yangu iko wapi?"

"Viko salama, Mwaitu."

"Nipatie."

"Nitakupa saa sita na robo."

Alinitazama muda mrefu. Mwanamke ambaye hajawahi kwenda stendi ya magari bila viatu hataanza akiwa na miaka sitini na kitu, na wote wawili tulilijua hilo. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mwanamke kijana aliyewekewa dripu, alijifunika uso kwa shuka akicheka. Mwaitu akageuza uso ukutani.

Tulikaa hivyo karibu saa nzima. Nilitoa daftari za watoto nikajifanya nasahihisha. Muuguzi alikuja mara mbili kumpima presha, akaondoka. Maumivu yalikuwa yamepungua, na hilo lilinifanya nijione mjinga. Nilianza kufikiri namna nitakavyomweleza mume wangu kwamba nilimnyang'anya mama yake viatu mbele ya watu.

Kisha Mwaitu akaanza kuzungumza, bado anatazama ukuta.

"Baba yao alikufa asubuhi. Unajua?"

Nilijua tu kwamba baba mkwe alifariki ghafla, miezi michache kabla ya harusi yetu. Sikuwahi kumwona. Mume wangu hapendi kuizungumzia siku ile, na mimi sikumlazimisha.

"Aliamka akaniambia tumbo hapa juu inachoma. Nikampatia maziwa. Jasho ilikuwa inamtoka, na ilikuwa mwezi ya saba, baridi. Akashika hapa." Akagusa taya lake. "Akasema ni jino. Nikamwambia lala kidogo, itapoa. Nikaenda kufungulia mbuzi. Nikarudi."

Niliweka kalamu chini.

"Unajua usiku wa kuamkia hiyo siku tulikuwa tumekosana?"

"Hapana, Mwaitu."

"Ilikuwa juu yako."

Nilifunga daftari.

"Kijana alikuwa amekuja kutuambia amepata msichana, Mtaita, mwalimu. Baba akasema ni vizuri, alete tumwone. Mimi nikakataa. Nikasema, wasichana wa Ukambani wameisha? Tukazozana mpaka taa ikazimwa. Baba akaniambia, mama, hiyo mdomo yako itaniua." Akajipangusa uso kwa kona ya leso. "Asubuhi akafa. Sasa mimi nifikirie nini?"

Nilirudisha daftari mkobani, juu ya viatu vyake.

"Kila nikikuona wewe, naona hiyo siku," akasema. "Si makosa yako. Watoto wako nawapenda. Lakini macho haichagui."

Nilisogeza kiti changu karibu na kitanda. Sikumshika mkono, tulikuwa hatujafika huko. Nilitaka kumwambia kwamba hakumuua mumewe, lakini ningejuaje? Badala yake nikasema jambo lililokuwa linanigonga kichwani tangu aliposema jino.

"Mwaitu. Hayo yaliyompata baba. Maziwa, jasho, taya. Ni yale yale ya leo asubuhi."

Akageuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu ageukie ukuta.

"Najua. Nimejua nikiisema."

Baadaye kidogo akauliza ni saa ngapi. Nikamwambia saa tano na dakika ishirini. Nikafungua zipu ya mkoba, nikatoa viatu, nikamwekea chini.

"Kaa nazo," akasema. "Saa sita haijafika."

Saa sita na robo mwanamke wa maabara alikuja mwenyewe na kisanduku chake. Mwaitu alikunja mkono wa blauzi kabla hajaambiwa. Damu ilijaza kile kichupa kidogo, nyeusi kuliko nilivyodhani damu ilivyo. Mwanamke aliandika saa kwenye karatasi, akaipigia mstari chini mara mbili, akaondoka.

Aliporudi alikuwa anatembea kwa haraka bila kukimbia, kama tunavyotembea sisi walimu mtoto akianguka uwanjani, ili wengine wasiogope. Alimwonyesha daktari namba mbili, ya asubuhi na ya mchana. Sikuhitaji kuelezwa. Namba ya pili ilikuwa imepanda mara nyingi juu ya ile ya kwanza, na ilikuwa imeuvuka mstari.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaitu alipewa aspirini atafune, akakunja uso kwa uchungu wake. Akadungwa dawa ya kuzuia damu isigande. Mashine ya moyo ikachora tena, na safari hii daktari aliona badiliko dogo ambalo asubuhi halikuwapo. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamweleza Mwaitu kwa utaratibu kwamba mshipa mmoja unaopeleka damu kwenye moyo umeziba kwa sehemu, na anapelekwa Nairobi ufunguliwe. Hakumficha kitu. Nilimheshimu kwa hilo. Mimi nilimpata mume wangu kupitia simu ya msimamizi wake. Alipokuja kwenye simu nilisema tu, "Mama ni mzima, lakini njoo." Tulikutana naye Nairobi.

Nitayapita haraka ya kule. Walipitisha waya mwembamba kwenye mkono wake hadi kwenye moyo, wakaupanua mshipa, wakaacha ndani kijibomba kidogo cha wavu wa chuma ili usijifunge tena. Alikuwa macho muda wote. Alipotoka alituambia alikuwa akisali rozari kwa vidole vya mkono wa pili, na muuguzi mmoja alikuwa anamwitikia.

Siku ya kuruhusiwa, daktari wa moyo alituuliza kama tuna swali. Mume wangu aliuliza kuhusu chakula. Mimi niliuliza kuhusu vidonge. Mwaitu alingoja tumalize.

"Daktari, ugomvi inaweza kuua mtu?"

Mume wangu alishangaa. Mimi niliinamisha kichwa. Daktari, mzee mwenye miwani mizito, hakucheka wala hakulijibu kijuujuu. Alimuuliza ni nani huyo aliyegombana. Mwaitu akamweleza yote, maziwa, jasho, taya, mbuzi, mbele ya mwanawe ambaye hakuwahi kusikia habari ya ule ugomvi.

"Mama," akasema, "nikikwambia hasira haina kazi yoyote moyoni, nitakuwa nakudanganya. Lakini mishipa haizibi usiku mmoja. Ya mzee ilikuwa inaziba miaka mingi, kama yako. Angeweza kuanguka shambani, angeweza kuanguka kanisani. Ugonjwa ule hukuujenga wewe jioni moja kwa mdomo."

Mwaitu aliitikia kwa kichwa polepole, mara kadhaa. Kwenye korido mume wangu alimkumbatia mama yake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Nilitangulia mbele na mikoba yao ili niwaache.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo aligeuka mgonjwa mtiifu. Hakugeuka. Alirudi Ekalakala, akaanza kujisikia vizuri, na kujisikia vizuri ndiko kulikomponza. Kila baada ya miezi michache alikuja kwetu kwa ajili ya kliniki, na kila mara walimtoa damu. Walitazama mafuta, sukari, figo, na kipimo kingine kinachoonyesha kama moyo unalemewa na kazi. Moyo ukielemewa na kuvutika, alitueleza daktari, hutoa kitu fulani kwenye damu, na kikipanda, wanajua mgonjwa yuko kwenye hatari hata kabla miguu haijavimba wala pumzi haijakata. Miezi ya kwanza kilikuwa kinashuka vizuri.

Mwaka uliofuata, kliniki ya mwezi wa tano, kilipanda ghafla.

"Mama, unajisikiaje?" daktari yule yule kijana akauliza.

"Niko sawa. Jumapili nimeimba na nimecheza."

"Vidonge unavimeza vyote?"

"Vyote."

Daktari akageuza karatasi ya majibu ili aione, akaweka kidole kwenye namba. Mwaitu aliitazama ile karatasi kama mtoto anayeonyeshwa daftari la kazi ya nyumbani lenye kurasa tupu.

"Ile kidogo nyeupe," akakiri hatimaye. "Ile ya maji. Ukiimeza, unaenda choo kila saa. Misa nzima naingia na kutoka, watu wananitazama. Niliacha." Akanigeukia, akanong'ona kwa hasira, "Hii damu ni mbea. Inanisema."

Mimi na daktari tulicheka mpaka muuguzi akachungulia. Kisha daktari akampangia kidonge kile akimeze mchana siku ya Jumapili, baada ya misa, na siku nyingine asubuhi. Jambo dogo hivyo. Kumbe angeuliza tu. Wiki chache baadaye tulirudia kipimo, kikawa kimeshuka, na bado hajawahi kulazwa tena tangu Nairobi. Daktari alituambia kama angengoja mpaka miguu ivimbe, hadithi ingekuwa nyingine.

Siku hiyo hiyo ya kurudia kipimo, Mwaitu alikuja na kyondo, kikapu cha Kikamba, kilichojaa ndengu, alichokisuka mwenyewe kwa mkonge. Aliniambia nimpeleke maabara. Mwanamke wa koti jeupe alitoka akidhani tumekuja kulalamika. Mwaitu akampokeza kyondo kwa mikono miwili, akasema, "Ni muvea," asante ya Kikamba, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nami niwemo: "Asante kwa kusoma saa."

Yule mwanamke alikishika kyondo bila kujua akiweke wapi. Alisema amefanya kazi ile miaka mingi, na watu huwashukuru madaktari, huwashukuru wauguzi, wengine huwaletea kuku. Maabara hakuna anayekuja.

"Sisi tunaona damu tu," akasema. "Mara nyingi hata hatujui ni ya nani, wala iliishia vipi."

"Hii ni ya nani unajua sasa," Mwaitu akamjibu. "Na haijaisha."

Nimeiandika habari hii kwa sababu nina watu wa kuwashukuru na majina yao hayaandikwi hapa. Ninamshukuru mwanamke aliyeacha mashine yake akatoka kuuliza swali moja. Ninamshukuru daktari kijana aliyekubali kusahihishwa mbele ya wagonjwa, jambo ambalo mimi mwenyewe darasani bado linanishinda. Nashukuru kwamba kuna watu, sijui wako wapi, waliokaa miaka wakitafuta namna ya kuufanya moyo useme kwa tone la damu, ili mwanamke wa Ekalakala anayesema ni maharagwe asiachwe na maharagwe yake.

Mwezi uliopita nilikwenda Ekalakala peke yangu wakati wa likizo, mara ya kwanza bila mume wangu. Tulichambua ndengu barazani, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye mkeka. Jirani yake alipita akasimama kuamkua. Alikuwa mwanamke mnene, na alilalamika kwamba siku hizi akipanda kutoka mtoni anahisi kitu kinamkaba kifuani, akipumzika kinaachia. Labda ni baridi, alisema.

Mwaitu aliweka ungo chini.

"Kesho asubuhi unaenda hospitali," akamwambia. "Na usiende peke yako, utawadanganya. Utaenda na huyu binti yangu. Yeye anaandika ukweli."

Jirani alinitazama, akauliza kama kweli nitakuwepo. Nikamwambia nitampitia saa mbili. Tukaendelea kuchambua mpaka jua likafika barazani, tukahamia upande wa kivuli.